Tarumbeta la jazi: kwa nini wengine hudumu hadi uzeeni na wengine midomo huharibika mapema?

PumziNdefu:

Habari zenu wakuu. Doc Cheatham alizaliwa Nashville mwaka 1905, na hadi siku zake za mwisho, Juni 1997, alipokuwa amebakiza siku 11 atimize miaka 92, bado alikuwa anasimama mbele ya watu na tarumbeta lake. Clark Terry, wa 1920, alivuka miaka 80 akiwa anapiga. Sasa mtazame Freddie Hubbard: nguvu na kasi kama yake katika rika lake zilikuwa adimu, tena alikuwa mtunzi hodari, lakini mwaka 1992 mdomo wake wa juu ulipasuka kisha ukaingia maambukizi. Alikuwa na miaka 54. Aliishi hadi Desemba 2008 bila kurudi kwenye kiwango kile.

Ninaomba kuelewa mambo haya. Nini hasa kinaharibika mdomoni? Mpigaji aliyepita miaka 50 apange vipi mazoezi yake ya siku? Na hili la wakongwe kuhamia flugelihoni, ile ndugu ya tarumbeta yenye sauti nene: ni kweli ni nyepesi kwa midomo, au ni ladha ya sauti tu?

---

Pistoni_ya_Pili:

Kinachotoa sauti ni nyama ya midomo inayotetemeka ndani ya kipulizio, yaani kile kipande kidogo kinachogusa midomo. Upana wake wa ndani ni milimita 16 hadi 17 hivi: Bach 7C ina 16.20, 3C ina 16.30, 1½C ina 17.00. Kazi yote ya miaka 70 ya Cheatham ilipita kwenye kieneo hicho.

Ukingo wa kipulizio unaibana nyama hiyo kwenye meno ya mbele. Ukibanwa sana, damu haipiti vizuri, msuli wa mviringo unaouzunguka mdomo unachoka, na ukichoka hauwezi kujikaza wenyewe. Hapo mpigaji anavuta tarumbeta usoni zaidi ili noti ya juu itoke. Kubana kunaongezeka, damu inapungua zaidi. Duara hilo likizunguka usiku baada ya usiku, mdomo unavimba, unakuwa mgumu, na siku moja nyuzi za msuli zinachanika. Madaktari wameiita hali hiyo ugonjwa wa Satchmo, kwa jina la utani la Louis Armstrong, ambaye miaka ya 1930 alikuwa akimaliza maonyesho kwa kupiga C ya juu makumi kwa makumi mfululizo. Aliporejea Marekani kutoka Ulaya mwanzoni mwa 1935 ilibidi apumzike miezi kadhaa.

Namna ya kujipima kama unavuta sana: piga C ya katikati ya mistari (ile mitano ya kuandikia noti), panda hadi G iliyo juu ya mistari, ishikilie, kisha toa kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye ndoano yake. Noti ikikatika papo hapo, mkono ndio ulikuwa unaishikilia. Noti inapaswa kushikiliwa na pembe za mdomo zilizokaza, pumzi yenye kasi, na ulimi uliopanda kama unasema "ii". Dalili ya pili ni alama ya duara kwenye mdomo baada ya dakika 20 za kupiga. Ikifutika ndani ya dakika chache, sawa. Ikikaa nusu saa, punguza nguvu.

Kuhusu Cheatham kuna jambo ambalo watu hulipita. Miaka ya 1930 alikuwa tarumbeta la kwanza katika bendi ya Cab Calloway. Hiyo ni kazi ya kubeba sauti za juu za kundi zima usiku kucha bila kupewa solo nyingi. Jina la mpiga solo alilipata hasa baada ya kupita miaka 70, na hapo hakujaribu kupiga kama kijana. Vifungu vyake ni vifupi, kuna nafasi kati yake, na aliimba. Usilichukulie hilo la kuimba kama pambo. Korasi, yaani mzunguko mmoja wa wimbo, ya mizani 32 zenye mapigo manne kila moja, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ni sekunde 64 za mdomo kupata damu. Ukiimba korasi mbili ndani ya wimbo, umeupa mdomo zaidi ya dakika mbili bila msikilizaji kuhisi kuwa kuna mtu anapumzika. Armstrong aliimba, Terry aliimba (ule uimbaji wake wa kumumunya maneno ulianza kuvuma mwaka 1964 akiwa na kundi la watu watatu la mpiga piano Oscar Peterson), Hugh Masekela aliimba. Mimi silioni kama jambo la bahati.

---

MwalimuWaShaba:

Mazoezi. Nitatoa vipimo kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea mwenye maonyesho mawili au matatu kwa wiki. Jumla ni dakika 75 hadi 90 kwa siku, zikigawanywa mara tatu au nne. Kupiga saa nzima bila kutua ni kujenga uchovu.

Anza na kipulizio peke yake, dakika 2 au 3, sauti ya kati na laini. Kisha tarumbeta: G ya mstari wa pili, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 60 kwa dakika, mapigo 8 ya sauti ndogo kabisa inayotoka safi, mapigo 8 ya kimya. Shuka nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili) moja moja hadi C ya chini. Ni noti 8, kama dakika 2 na sekunde 8. Rudia mara moja. Sauti ikianza na hewa tupu kabla ya noti, midomo haijakutana vizuri au imevimba tangu jana. Usiongeze nguvu kuifukuza hiyo hewa. Kaa chini, piga polepole zaidi, subiri.

Baada ya hapo, kupanda na kushuka bila ulimi: C, G, C, kwa mikao yote saba ya pistoni (vile vitufe vitatu vya kubonyeza), yaani bila pistoni, 2, 1, 1-2, 2-3, 1-3, 1-2-3. Kila mkao mara nne. Weka chombo chini dakika 5.

Kipindi cha pili, dakika 15 hadi 20: skeli na ulimi, zote kwa sauti ndogo. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kupiga kwa nguvu ndiko kunajenga mdomo. Nguvu huficha mkao mbovu, kwa sababu pumzi nyingi inalazimisha nyama kutetemeka hata kama imekaa vibaya. Ukipiga kwa sauti ndogo huna pa kujificha.

Usivuke G iliyo juu ya mistari kabla ya dakika 15 za mwanzo kupita. Kwa siku nzima, muda wa kukaa juu ya hapo usizidi dakika 5 au 6 ukijumlisha kila noti. Umalize kwa dakika 3 za noti za chini hadi F# ya mwisho, laini, kisha tetemesha midomo ovyo bila chombo kama farasi anavyopuliza. Kutetemesha huko kunarudisha damu, na asubuhi utaona tofauti.

Siku inayofuata onyesho zito: dakika 20 tu, hakuna noti ya juu. Mdomo ukiwa umevimba weka kitambaa cha maji baridi dakika 5 hadi 10. Usipake dawa ya kutia ganzi ili uweze kupiga. Maumivu ndiyo king'ora chako, ukiyazima hutajua unapochana msuli.

Na ulimi wa Clark Terry, kwa kuwa umemtaja. Ile mistari yake ya haraka inayoteleza hutoka kwa ulimi unaosema "du-dl, du-dl". Ncha inagusa nyuma ya meno kwa "du", halafu inabaki juu na pumzi inapita pembeni mwa ulimi kwa "dl". Faida yake kwa umri mkubwa ni kwamba kasi inabebwa na ulimi wala midomo haihangaiki. Anza bila chombo dakika 2, kisha noti moja tu, G, kwa mwendo wa 70, noti mbili kwa kila pigo. Panda mapigo 4 kwa wiki. Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake hapa: ulimi wetu unataka irabu mwishoni, kwa hiyo "dl" inageuka "dulu", ulimi unaanguka mapema, noti ya pili inatoka nzito kama ya kwanza na mteremko wote unapotea. Dawa ni kusema "dl" na kubaki hapo hapo, ncha ikiwa juu, mpaka "du" inayofuata.

---

PumziNdefu:

Asanteni sana. Swali la nyongeza kwa Pistoni_ya_Pili: Dizzy Gillespie alivimbisha mashavu maisha yake yote na mwaka 1992 bado alikuwa jukwaani akiwa na miaka 74. Hiyo haiivunji hoja ya mkao sahihi?

---

Pistoni_ya_Pili:

Haiivunji. Mashavu yake yalijaa hewa, lakini pale kipulizio kilipokaa palishikwa vizuri. Hatari ya mashavu kwa mtu mwingine ni kwamba yakivimba yanavuta pembe za mdomo kwenda nje, katikati panalegea, na mpigaji anafidia kwa kuvuta tarumbeta usoni. Tunarudi kwenye duara lile lile. Ile kengele ya tarumbeta (mdomo wake mpana wa mbele) iliyopinda kwenda juu, tangu mwaka 1953 lilipoangukiwa na watu kwenye tafrija, nayo haina uhusiano na midomo. Yeye aliipenda kwa sababu sauti ilimfikia masikioni haraka zaidi.

Namwongezea Mwalimu kwenye maji baridi: ni kitambaa, siyo kipande cha barafu moja kwa moja kwenye ngozi ya mdomo. Ngozi ile ni nyembamba, inaungua kwa baridi. Na kama baada ya wiki mbili za kupumzika bado kuna kishimo kwenye mdomo, au hewa inavuja upande mmoja hata kwenye noti za katikati, mazoezi hayatatibu hapo. Nenda kwa daktari. Msuli uliochanika hushonwa, na aliyeshonwa mapema huwa na nafasi kubwa ya kurudi kuliko aliyejaribu kupiga juu yake mwaka mzima.

---

PembeLaini:

Nichukue swali la flugelihoni, maana limejaa imani zisizo sahihi.

Flugelihoni ya B bemoli ina urefu wa bomba unaokaribiana na wa tarumbeta la B bemoli, na vidole ni vile vile. Tofauti ni umbo. Bomba lake linapanuka polepole karibu njia yote, na kipulizio chake ni kirefu ndani kama faneli. Matokeo yake sauti ni nene na nyeusi kidogo, na kile kipande cha juu chenye makali kinapungua. Clark Terry ndiye aliyeifanya ipate heshima kama chombo cha solo. Katika miaka yake ya mwisho ndani ya bendi ya Duke Ellington, aliyokaa nayo 1951 hadi 1959, alishirikiana na watu wa Selmer, watengenezaji wa vyombo, kupata iliyomfaa. Baadaye alikuwa akishika tarumbeta mkono mmoja na flugelihoni mkono wa pili, anajibizana mwenyewe.

Je, ni nyepesi kwa midomo? Ni nyepesi kwa sababu moja tu: inakushawishi ubaki katikati. Hakuna anayeitegemea kwa C ya juu, kwa hiyo muziki unaoandikiwa unaishi kati ya C ya chini na G iliyo juu ya mistari. Lakini ukilazimisha flugelihoni ishindane na ngoma na gitaa la umeme, inachosha kuliko tarumbeta. Haina ukinzani wa kutosha kuegemea pumzi, hewa inakwisha haraka, midomo inafunguka sana, na unajikuta unabana ili kuifunga. Hubbard baada ya jeraha lake alitegemea zaidi flugelihoni, akiwa na kundi la watu wanane lililobeba nyimbo zake. Kundi lile lilimsaidia sana kwa sababu mistari ya juu ilichukuliwa na wengine.

Mambo ya kuangalia unapohamia:

Shina la kipulizio, yaani sehemu inayoingia kwenye bomba. Kuna aina tatu za shina na hazibadilishani: la Kifaransa lililonyooka, na mawili yaliyochongoka, moja nene na moja jembamba. Ukiweka jembamba kwenye bomba la shina nene, linaingia mno, noti zinapanda juu na hazikai. Ukiweka nene kwenye jembamba, linayumba na linaweza kukwama. Kipulizio kikae ndani imara bila kucheza, na ubaki na nafasi ya kuvuta bomba la mbele kusawazisha.

Ukingo. Chukua kipulizio cha flugelihoni chenye upana wa ndani sawa na wa kile cha tarumbeta lako. Ukitoka 16.30 kwenda 17.00 kila baada ya wimbo mmoja, misuli haijui ijipange wapi. Badilisha kina cha kikombe (uwazi wa ndani ya kipulizio), ukingo uache.

Usawa wa sauti. D ya chini na C# ya chini hupanda juu, kwa hiyo bomba la pistoni ya tatu lazima livutwe nje kidogo. Hakikisha linateleza kabla ya kununua. Chombo kikiwa baridi kinashuka, na flugelihoni iliyokaa kwenye stendi dakika 20 wakati unapiga tarumbeta imeshapoa. Ipulizie hewa ya joto kimya kimya mizani 8 kabla ya kuingia.

Kipaza sauti. Sentimita 15 hadi 25, kikielekea pembeni kidogo ya katikati ya kengele. Mwambie fundi akuongeze kwenye spika yako ya jukwaani kabla hujaanza kujiongeza kwa mdomo. Nasisitiza sana hili. Midomo mingi imeharibiwa na mpigaji kutojisikia.

---

NotaMezani:

Hamjagusa upande wa utunzi, na kwangu ndio uliowadumisha wengi.

Mtazameni Kenny Wheeler, Mkanada aliyehamia London mwaka 1952. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jino la busara lilimsumbua akashindwa kupiga kwa muda, na John Dankworth akampa nafasi ya kuandika kwa ajili ya bendi yake. Kazi ile juu ya Don Quixote, yule shujaa wa riwaya, ndiyo iliyomtambulisha kama mtunzi. Tangu hapo, sauti ya Norma Winstone isiyo na maneno ilibeba mistari ya juu pamoja na tarumbeta au flugelihoni katika vikundi vyake vikubwa. Kiufundi huo ni mpango wa busara sana: msikilizaji anasikia mstari mmoja unaong'aa, na mwenye chombo cha shaba hahitaji kusukuma. Desemba 2013, miezi tisa kabla ya kufariki, Wheeler aliingia studio za Abbey Road na flugelihoni na watu wanne akarekodi nyimbo zake. Pumzi ni chache, na muziki umejengwa kuzunguka uchache huo.

Masekela naye, ukisikiliza wimbo wake wa treni ya wachimba migodi uliotoka 1974, sehemu kubwa ni masimulizi, sauti ya mdomo inayoiga treni, na kuimba. Pembe inaingia pale inapouma. Wimbo wa aina hiyo mtu anaupiga akiwa na miaka 35 na anaupiga tena akiwa na 75 bila kubadilisha chochote.

Kwa anayejiandikia mwenyewe: tafuta noti ya juu kabisa katika wimbo. Tuseme, kama ilivyoandikwa kwa tarumbeta, ni B bemoli iliyo juu ya mistari, na ya chini kabisa ni D. Shusha wimbo wote nusu toni 5. Kilele kinakuwa F ya mstari wa juu, na D inakuwa A chini ya mistari, ambayo bado imo ndani ya chombo. Kumbuka tarumbeta la B bemoli linatoa toni moja chini ya kilichoandikwa. Wimbo uliokuwa F kwa mpiga piano sasa ni C kwake, na D kwenye karatasi yako.

Hasara ipo, nayo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tarumbeta likiwa chini linamezwa. Saksofoni ya tena na mkono wa kushoto wa piano wanaishi humo humo. Usipoandika upya sehemu zao, utajikuta unapiga kwa nguvu ili usikike, na faida yote ya kushusha inapotea. Mpe mpiga saksofoni mstari juu yako au mnyamazishe kwenye mizani 8 za kwanza. Mwambie mpiga piano aache nafasi kati ya C ya katikati na oktava moja juu yake wakati wa melodi. Mpiga ngoma atumie brashi.

Mpangilio wa usiku nao una hesabu. Katika wimbo wa dakika 5, tarumbeta lisizidi dakika 2 na nusu. Wimbo mgumu kuliko yote uwe wa pili au wa tatu, mdomo ukiwa umepata joto na haujachoka. Kuuweka mwisho kwa ajili ya shangwe ndiko kunakochana watu. Na usipige flugelihoni nyimbo nne kisha ukamate tarumbeta kwa wimbo wa juu. Midomo imelegea kwa kikombe kirefu, itahitaji mizani 16 za tarumbeta la katikati kwanza, kwa hiyo andika utangulizi wa namna hiyo.

---

PumziNdefu:

Nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. La mwisho: meno. Mtu akianza kupoteza meno ya mbele, ndiyo basi?

---

MwalimuWaShaba:

Siyo basi, ila ni kuanza upya. Chet Baker alipoteza meno ya mbele baada ya kupigwa mwaka 1966, akawekewa ya bandia, na ilimchukua miaka kadhaa kurudi jukwaani. Shida ni kwamba unene wa jino ukibadilika hata milimita moja, kipulizio kinakaa pengine na pembe ya tarumbeta inabadilika.

Fanya hivi wakati meno bado ni yako: mwombe daktari wa meno achukue ukungu wa meno ya mbele, juu na chini, na uhifadhi nakala ya plasta nyumbani. Siku jino likitoka, fundi ana kipimo cha kulirudisha lilivyokuwa, pamoja na mianya na upindo wake. Mwambie wazi kuwa unapiga tarumbeta, maana bila kuambiwa atakunyooshea meno yawe mazuri, na mpigaji anahitaji yawe yale yale. Jino jipya likiwekwa, wiki ya kwanza piga dakika 10 mara mbili kwa siku, noti zisizovuka C ya katikati ya mistari, mbele ya kioo, ukiangalia kama kipulizio kimerudi mahali pake.